Idadi ya Ndugu Walio Hai

Kwenye fomu ya kuomba kazi ya polisi palikuwa na mstari unaouliza idadi ya ndugu walio hai. Niliandika: wawili. Niliandika haraka, nimesimama kwenye foleni nje ya ofisi, kisha nikamwazima rafiki yangu kalamu naye ajaze ya kwake. Sikuona kama nimefanya jambo. Kwetu Kiringye kila mtu anajua kwamba mama yangu alizaa watoto wanne na kwamba wa kwanza alikufa. Walikuja kumlilia. Walikula wali wetu siku tatu.

Lakini kaka yangu hakuwa amekufa, au angalau hakuwa amekufa siku ile tulipomlilia.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipopanda milimani kujiunga na vijana wenye bunduki. Hakuaga. Baada ya majuma machache askari walianza kuja nyumbani kumuulizia. Mara ya kwanza waliuliza kwa adabu. Mara ya pili walipindua vitanda. Mara ya tatu walimchukua baba wakakaa naye siku mbili, na aliporudi hakutaka kutuonyesha mgongo wake. Asubuhi iliyofuata alitoka uani, akawaita majirani, akawaambia kwamba habari imefika kutoka mlimani: mtoto wake ameuawa.

Wanawake walianza kupiga kelele za kilio pale pale. Mama naye alikaa chini akalia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, na kwa siku nzima nililia kwa kweli, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Ni jioni ya siku ya pili, tulipokuwa jikoni tukisonga bugari kwa ajili ya wageni, mama aliniinamia akasema chini chini:

"Weye acha kujiumiza. Iko muzima. Ni papa wako mwenye alifikiri hii maneno."

Nikaendelea kusonga. Wageni walikuwa wengi na bugari haikutosha.

Askari hawakurudi tena. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa Lubarika nikimsaidia mama mdogo kuvuna mpunga, na saa sita mchana, wenzangu walipokwenda kupumzika, mtu alitokea nyuma ya matete kwenye mfereji wa maji. Sikumtambua mpaka alipocheka. Nilimpa muhogo wangu na sweta niliyokuwa nimeifunga kiunoni. Aliuliza kuhusu mguu wa mama. Kisha akaniuliza:

"Nasikia mulinililia. Mulinililia muzuri?"

"Batu balikuwa bengi," nilimjibu.

"Na weye?"

"Minye sikujua kama ni bongo."

Bongo, kwetu, ni uongo. Alikaza sweta mabegani, akarudi alikotoka. Tangu siku hiyo miaka minne ilipita bila salamu, bila mtu kusema amemwona.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani nilipoandika wawili kwenye ile fomu. Nilikuwa ninakaa Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, kwa mama mdogo, ambaye alikuwa ameacha kilimo na kuanza kuuza vitenge mpakani. Nilikuwa na diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari na darasa la watoto hamsini na wawili ambao wazazi wao walinilipa walipoweza. Polisi walitangaza kwamba kitaundwa kikosi kipya cha mpakani, na kwamba wanataka wanawake, kwa sababu wanaovuka na mizigo ni wanawake na wanaume hawana ruhusa ya kuwapekua. Rafiki yangu, binti wa wafanyabiashara Waislamu wa mjini Uvira ambaye nilisoma naye, ndiye aliyenivuta. Tulikimbia mbio za majaribio ufukweni tukashinda. Daktari akatupima akaturuhusu. Ilibaki hatua moja.

Habari ya hiyo hatua ilituangukia siku ya Jumanne: wageni wanaogharamia mafunzo wataleta mashini ya kugundua uongo, na kila mtu atakaa mbele yake.

Katika siku chache Kavimvira nzima ilikuwa na elimu juu ya mashini hiyo. Wengine walisema inasikia moyo. Wengine walisema ukinywa maji ya baridi sana asubuhi itakuona mkweli, na kwamba usile ndagala, dagaa wa ziwani, kwa sababu chumvi inaifanya damu ipige kelele. Rafiki yangu alicheka, ila niliona hakula ndagala juma lile lote.

Alikuwapo mtu mmoja aliyeijua kweli. Alikuwa mbadilisha fedha karibu na kizuizi cha mpakani, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, ambaye zamani alifanya kazi ya ulinzi kwenye nchi za Waarabu na huko walimfunga nyaya mara mbili. Tulimwita mukubwa. Alikubali kutufundisha Jumamosi mbili mchana, katika darasa langu, baada ya watoto kuondoka. Tulikuwa watu tisa. Alikuja na kipimo cha presha alichokiazima kwa muuguzi, kile chenye sindano inayorukaruka, akatuketisha mmoja mmoja kwenye kiti.

"Mbele ya yote, musiogope," alisema. "Maswali ya kwanza ni ya kupumzikia. Jina, mahali ulizaliwa, bandugu ngapi. Pale mashini inajifunza namna moyo yako inapiga ukisema ukweli. Kisha banaingia kwa yenyewe: uliiba? Ulipitisha magendo? Uko na batu ku misitu? Pale sasa ukishtuka, banakuona."

Rafiki yangu alikaa wa kwanza. Sindano yake ilitulia mpaka alipoulizwa habari ya magendo, kwa sababu sukari ya mama yake ilikuwa imevuka mto Ruzizi usiku mara nyingi kuliko mchana. Kila mtu alicheka, hata yeye.

Zamu yangu ilipofika mukubwa alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akaniuliza jina. Akaniuliza nilikozaliwa. Akaniuliza:

"Uko na bandugu ngapi benye kuishi?"

"Wawili."

Aliitazama sindano. Akauliza tena. Nikajibu tena. Aliuliza yale mengine ya wizi na magendo na misitu, nikajibu, kisha akafungua kitambaa taratibu na kunitazama usoni.

"Weye iko namna gani? Kwa maswali ya magumu umetulia. Kwa ile ya kupumzikia njo unaruka."

Nilisema nimechoka. Hakusisitiza. Wengine walikuwa wameanza kufunga mikoba yao, lakini rafiki yangu alibaki ameniangalia. Yeye alikuwa kwenye matanga yale. Alikuja kutoka Uvira kwa pikipiki, akalala nami kwenye mkeka mmoja usiku ule wa kwanza, akanishika nikilia. Sikuwahi kumwambia.

Mukubwa alikuwa ametufundisha ujanja wake: kijiwe kidogo ndani ya kiatu, unakikanyaga kwenye maswali ya kwanza ili moyo uende mbio, kisha kwenye maswali magumu mashini isione tofauti. Au kuhesabu kurudi nyuma, saba saba, kuanzia mia. Niliokota kijiwe njiani nikakijaribu juma zima, nikitembea kutoka nyumbani mpaka shuleni. Lakini kwangu hesabu ilikuwa imegeuka. Maswali yangu ya kwanza ndiyo yaliyokuwa magumu. Nilihitaji kuyajibu nimetulia, na kijiwe hakitulizi mtu.

Basi nilichagua njia nyingine. Niliamua kuamini.

Hili ni gumu kulieleza. Kila asubuhi kwa majuma mawili, kabla ya kuamka, nilijilazimisha kumwona kaka yangu amekufa. Nilimwekea mahali: chini ya mti fulani kwenye njia ya kupanda milimani. Nikamwekea nguo, sweta yangu. Nikaweka nzi. Nilisema moyoni, "Nina ndugu wawili," nikasikiliza mapigo yangu, na kama yalikwenda mbio nilianza upya, kwenye mti, kwenye sweta. Siku ya tisa au ya kumi nilisema wawili na moyo haukuruka. Nilifurahi. Nilienda kuoga nikiwa na furaha hiyo, na ni pale kwenye maji ndipo nilipokaa chini kwenye sementi, nikabaki hapo mpaka mama mdogo alipogonga mlango kuuliza kama nimeanguka.

Mashini iliwekwa katika nyumba yenye ua mrefu, upande wa ziwa. Tuliitwa wanne wanne. Rafiki yangu aliingia mbele yangu akatoka baada ya saa mbili, kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande, akapita bila kusema neno kwa sababu walikuwa wamemkataza.

Ndani kulikuwa na Mzungu wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, na mwanamke Mkongomani wa miaka hamsini hivi, amevaa kitenge na blauzi nyeupe, ambaye alijitambulisha kuwa mtafsiri. Mzungu alizungumza Kifaransa. Ninajua Kifaransa, na niliwaambia, lakini alitaka maswali niulizwe kwa lugha niliyolelewa nayo.

"Vua viatu, mama," mtafsiri aliniambia kwa upole.

Nilikuwa nimekizoea kijiwe ndani ya kiatu mpaka nikakisahau. Nilipovua kiatu cha kulia kilianguka sakafuni, kikabingirika mpaka kwenye mguu wa meza. Yule mwanamke aliinama, akakiokota, akakiweka mezani kando ya karatasi zake kama mtu anayeweka kifungo kilichokatika.

Mukubwa hakutuambia jambo moja, pengine kwa sababu kule kwa Waarabu halikuwapo: kabla ya kufungwa nyaya, watu hao wanakaa nawe saa nzima wanazungumza tu. Mzungu alinisomea maswali yote, moja baada ya jingine, na kuniambia hakuna hata moja litakalonishtukiza. Aliuliza kuhusu shule, watoto ninaowafundisha, mwendo wa kutoka Kavimvira. Alikuwa na sauti ya mtu asiye na haraka. Mbele yake palikuwa na fomu yangu, na niliona maandishi yangu kutoka upande wa pili, yamepinduka.

"Uko na ndugu wangapi wenye kuishi?" mtafsiri aliuliza.

Nilikwenda kwenye mti. Nilikwenda kwenye sweta. Vyote vilikuwa mahali pake, kama nilivyoviweka. Nikafungua mdomo.

"Sijue," nilisema.

Mzungu hakungoja tafsiri. Aliweka kalamu chini. Nilisubiri aniulize kitu, hakuuliza, na katika ule ukimya nikaanza kusema. Nilisema kaka yangu alipanda milimani. Nilisema askari walimchukua baba. Nilisema kilio chetu kilikuwa cha uongo, na kwamba baba ndiye aliyekitunga, na kwamba nilimwona mtu huyo akiwa hai Lubarika nikampa sweta, na kwamba tangu pale sijui. Niliongea bila kupumzika kama mtu anayetapika. Nilipomaliza, jambo la kwanza nililolifikiri ni mgongo wa baba.

Mtafsiri alianza kugeuza maneno yangu. Alisema kwa Kifaransa safi kwamba kaka wa mtahiniwa aliondoka kwenda milimani akiwa kijana, kwamba mtahiniwa alimwona mara moja baadaye kwa bahati, na kwamba familia haijui kama yu hai. Aliishia hapo.

Matanga hakuyataja. Baba hakumtaja. Alijua kwamba ninaelewa kila neno, kwa sababu nilikuwa nimemwambia. Aligeuka akanitazama kidogo tu, na mimi nikatazama meza.

Mzungu aliandika. Akafuta swali moja kwenye karatasi yake, akaandika jingine. Ndipo waliponifunga mirija ya mpira kifuani, kitambaa mkononi na vyuma viwili kwenye vidole. Nilielekezwa niangalie ukuta. Mtafsiri aliuliza, sauti yake ikiwa imebadilika, haina mtu ndani:

"Zaidi ya yale ulituambia leo, unajua mahali ndugu yako iko?"

"Hapana."

Ilikuwa kweli, na niliposema nilisikia moyo wangu unapiga kama siku yoyote.

Baada ya hapo siku zilikuwa mbaya. Sikumwambia mtu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na uzio wetu ilinifanya niache nilichoshika. Nilimpigia mama simu kila jioni nikimuuliza mambo ya bure, mchele, mvua, kuku, nikisikiliza kama kuna sauti za watu wageni nyuma yake. Siku ya sita askari polisi wawili walisimama mbele ya darasa langu. Watoto waliinuka kuwasalimu. Nilitoka nje na chaki mkononi.

"Ni weye ulipita ku mashini?" mmoja aliuliza.

"Ni minye."

"Unaitwa ku biro, kesho asubuhi. Na kitambulisho."

Usiku ule sikula. Asubuhi nilivaa vizuri, nikamwachia mama mdogo namba ya simu ya baba, nikamwambia kama sijarudi saa nane ampigie. Hakuuliza kwa nini. Miaka yake ya mpakani ilimfundisha kutouliza.

Nyuma ya meza ya ofisi alikaa yule mtafsiri. Safari hii alikuwa na sare na nyota mabegani. Aliniacha nimsalimie kwa heshima ya kiaskari, vibaya, kisha akanionyesha kiti.

"Mashini haina shida na weye," alisema. "Ulipita kuliko wengi. Shida ni ndugu yako."

"Ninaelewa, madamu."

"Hauelewi bado. Muzungu amekwenda na karatasi yake. Kwake kazi imeisha, anasema uko mukweli. Hapa kwangu kuna fomu yako. Kwa fomu, ndugu wawili. Maana kaka yenu mukubwa alikufa." Alifungua faili, akaligeuza ili nilione. "Mutu akikufa kunakuwa atestasiyo ya kifo, ile karatasi yenye chifu anasaini. Niletee atestasiyo mpaka lundi, ile Jumatatu yenye inakuja. Natia hapa ndani, nafunga. Kikosi hakiwezi kuchukua mutu mwenye ndugu ku misitu, lakini kinaweza kuchukua mutu mwenye alifiwa."

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini ananisaidia.

"Niko na banamuke saba tu kwa orodha," alisema. "Na minye pia niko na nyumbani kwenye kuna maneno kama yenu."

Siku ya Jumamosi nilipanda pikipiki mpaka Kiringye. Nilimkuta baba anatengeneza jembe na mama anapepeta mchele kwenye ungo. Niliwaambia yote, kuanzia mwanzo. Nilipofika mahali niliposema ukweli mbele ya Mzungu, baba aliacha jembe.

"Ulinitaja?"

"Nilikutaja, papa. Lakini yule mama hakutafsiri."

Aliinuka akasimama mbele yangu. Nilidhani atanifukuza. Kisha, nilipomweleza habari ya karatasi, uso wake ulifunguka. Aliona jambo linaloweza kufanyika. Chifu alikuwa kwenye matanga, alisema, alikula nasi, alisema maneno ya kutufariji mbele ya watu wote. Hatakataa kusaini. Aliingia ndani akatoka amevaa koti lake la kanisani.

"Nakwenda sasa, kabla hajatoka," alisema.

"Hauendi," mama alisema.

Hakuwa ameinua kichwa. Alikuwa bado anapepeta.

"Batu bote balilia, mama watoto," baba alimwambia. "Ni maneno ya zamani. Haina kitu mupya."

"Kulia nililia. Ulisema tulie, nikalia, sababu yako, sababu ya mugongo yako. Lakini haikuandikwa fasi yoyote." Aliweka ungo chini. "Siku akirudi, atakwenda ku biro ya serikali, baseme weye ulikufa, papa wako alisaini. Atapata kitambulisho wapi? Ataoa na jina ya nani?"

Nilikuwa na hasira. Siipambi leo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimekimbia zile mbio, nimekaa kwenye kile kiti, na kazi ilikuwa karibu kiasi cha kuishika kwa mkono. Nilimwambia mama:

"Miaka minne, mama. Hajatuma hata salamu. Inawezekana hii karatasi iko ukweli."

"Inawezekana," mama alisema. "Basi anayejua aniambie. Minye siombi karatasi ya kifo ya mutoto wangu juu ya kazi."

Baba alibaki amesimama mlangoni na koti lake. Jua lilikuwa kali, na baada ya muda jasho lilianza kumtoka. Alilivua koti, akalirudisha ndani, akachukua tena jembe. Hakusema kama mama ana haki. Tulikula, na kesho yake nilirudi Kavimvira.

Jumatatu nilikwenda ofisini mikono mitupu. Yule mwanamke alinitazama mikono, akaelewa kabla sijasema.

"Ni mama yako alikataa?" aliuliza.

"Mama yangu."

Aliandika mstari mmoja kwenye faili, akalifunga, akaliweka juu ya mengine. Aliniambia nirudi shuleni, watoto wananingoja. Hakuna aliyekuja Kiringye kumsumbua baba, wala wakati ule wala baadaye.

Rafiki yangu alichukuliwa kikosini. Sukari ya mama yake alikuwa ameikiri yote, gunia kwa gunia, na Mzungu alicheka. Nilimwambia habari ya matanga, na ya karatasi aliyoikataa mama, siku moja kabla hajaenda mafunzoni, tukiwa tumekaa kwenye mchanga Kavimvira, na alikasirika kwa sababu ya ule usiku wa mkeka. Tulikaa miezi bila kuzungumza. Nilikuja kukutana naye mpakani, nikivuka kwenda kumnunulia mdogo wangu daftari upande wa Burundi. Alikuwa na sare inayombana mabega. Alinipeleka pembeni kwenye chumba cha kupekua wanawake, akafungua mfuko wangu, akapapasa mifuko ya sketi kama anavyofanya kwa kila mtu, bila kutabasamu.

Alipomaliza alinirudishia mfuko.

"Habari ya kaka?" aliuliza.

"Hakuna."

"Na mama, bado unamukasirikia?"

"Kidogo," nilisema.

Aliitika kwa kichwa, akafungua mlango, akamwita mwanamke aliyefuata.